Anasafisha Bweni la Heshima, Binti Yake Anasubiri Kitanda

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu bado umeulalia mto na taa za maegesho hazijazimwa, Rhonda Pickrell anapindua godoro. Analishika kwa pembe mbili, analiegemeza gotini, analiangusha upande wa pili. Vumbi linatoka. Analisubiri litulie, kisha anapitisha kitambaa chenye dawa juu ya plastiki ya buluu, kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayempangusa mgonjwa.

Anaingia chumba kinachofuata. Godoro jingine.

"Watu hudhani majira ya joto tunapumzika kwa sababu wanafunzi wameondoka," anasema bila kugeuka. "Wakiwepo ndipo tunapumzika. Wakiondoka ndipo tunagundua walichokuwa wanafanya."

Kwenye droo za madawati leo ameshakuta soksi moja, ganda la ndizi lililokauka na kuwa jeusi kama ngozi ya kiatu, na kadi ya siku ya kuzaliwa ambayo haikufunguliwa. Kadi ameiweka kando juu ya toroli. Vingine vimeingia kwenye mfuko wa takataka.

Hili ni Jengo la Whitacre, bweni la wanafunzi wa Programu ya Heshima katika Chuo Kikuu cha Tolliver, kusini-mashariki mwa Ohio. Wanaolala hapa ni wale waliomaliza sekondari wakiwa kileleni mwa madarasa yao. Rhonda, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, analisafisha kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Anajua lifti inapokwama na anajua dirisha linalohitaji ngumi ndipo lifunguke.

Binti yake wa pekee, Carlie, alimaliza shule Mei mwaka huu akiwa wa pili kwa darasa zima. Programu ya Heshima ilimpokea. Bweni halikumpokea.

"Na aliyemkosesha ni mimi," Rhonda anasema. Anasukuma toroli hadi mlango unaofuata, anatafuta ufunguo. "Wala usiandike kwamba ni mfumo. Kila mtu anasema mfumo. Ni mimi."

Kwa familia nyingine huo ungekuwa usumbufu tu. Kwa akina Pickrell, kitanda ndicho chuo chenyewe. Ufadhili aliopewa Carlie unalipa masomo na malazi kwa sharti moja, kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alale Whitacre. Programu huchukua wanafunzi wengi kidogo kuliko vitanda, kwa kuwa kila mwaka wapo wanaoghairi. Ambaye hadi Ijumaa ya pili ya muhula hajapata kitanda, ufadhili wake unapewa mwingine.

Rhonda analipwa dola kumi na saba na senti arobaini kwa saa. Mume wake, Lonnie, alifanya kazi kwenye mtambo wa umeme wa makaa ya mawe hadi ulipofungwa, na mgongo wake ulikuwa umeshaharibika kabla ya mtambo kufungwa. Wanaishi kwenye bonde lililo mwendo wa saa nzima kutoka chuoni, kwenye barabara inayofuata mto na ambayo kila Januari huwatupa watu wawili watatu mtaroni. Hakuna mtu katika nyumba hiyo anayezungumzia kulipa ada bila ufadhili. Hawazungumzii kwa sababu hakuna cha kuzungumza.

Carlie hakuomba Whitacre kama wanavyoomba wengine, kwa kuangalia picha. Alikulia humo.

Siku za theluji, shule zilipofungwa ghafla na Lonnie yuko zamu, Rhonda alikuwa akimleta kazini. Mtoto aliketishwa kwenye chumba cha kusomea cha ghorofa ya nne, kwenye kiti kipana cha dirishani, na mfuko wa biskuti na amri ya kutozungumza. Alizungumza. Wanafunzi walidhani ni mdogo wa mtu. Mmoja alimfundisha kusogeza farasi kwenye sataranji, mwingine alimsahihishia hesabu za kugawanya. Alipokuwa na miaka tisa, Carlie alimuuliza mama yake watu hawa wanapataje ruhusa ya kulala hapa.

"Nikamwambia wanasoma sana," Rhonda anasema. "Akasema, sawa. Ndivyo tu. Sawa. Kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu dukani."

Tangu hapo mama akawa na mchezo wake wa siri. Kila Mei alipokuwa akiosha vyumba vilivyoachwa, alijiuliza kipi angempa mwanawe. Alibadilisha mawazo mara nyingi, kisha akatulia kwenye 418, chumba cha pembeni kabisa, madirisha mawili, jua la asubuhi, na vilima vya upande wa pili wa mto kwa mbali. Hakumwambia mtu, hata Dwight Ousley, msafishaji mwenzake ambaye amesukuma naye toroli tangu alipoanza kazi na ambaye huambiwa kila kitu atake asitake.

Maombi ya bweni yalifunguliwa Aprili. Wanaojaza huandika insha fupi, husema wanalala saa ngapi na kama wanavumilia kelele, kisha hutafutana. Hapa ndipo penye kazi. Vyumba vya Whitacre ni vya watu wanne wanne, na wanafunzi wapya hujipanga wenyewe kwenye ukurasa wao wa mtandaoni, kila mmoja akiweka picha zake na kujinadi: mimi ni msafi, mimi naamka mapema, mimi nina mashine ya kahawa. Wanne wakikubaliana, mmoja anakuwa kiongozi na wengine wanathibitisha. Kuanzia hapo ni kundi moja, linaomba pamoja na kupangiwa pamoja.

Carlie alipata kundi ndani ya siku chache. Kiongozi alikuwa Sloane, msichana wa Cincinnati anayecheza fidla. Walikuwa wakitumiana ujumbe kuanzia asubuhi hadi simu inapozimika, wakajadili rangi ya zulia.

Jumapili ya mwisho kabla ya maombi kufungwa, Carlie alikuwa mezani jikoni na kompyuta. Rhonda alikuwa ameipua supu ya maharage na anakata mkate wa mahindi. Lonnie alikuwa kwenye kochi. Wote watatu wanakumbuka maneno yaliyosemwa, na wanayasimulia bila kutofautiana, pengine kwa sababu wameyarudia sana.

"Mama, wananiuliza ghorofa."

"Ya nne."

"Kuna sehemu ya kuweka zote. Sloane amesema tuweke zote."

"Sloane ameshawahi kulala ghorofa ya pili?"

"Mama, Sloane hajalala popote. Ndiyo kwanza tunaanza."

"Basi mwambie kule kuna ukuta unatoka jasho. Bomba lilipasuka nyuma yake, wakapaka rangi juu. Mimi ndiye ninayefuta ule ukungu, na mimi sina pumu. Wewe unayo."

"Nitakuwa na dawa yangu."

"Weka ya nne, Carlie."

Lonnie akadakia kutoka kwenye kochi. "Msikilize mama yako. Hilo jengo ni lake. Hao wengine wamepanga tu."

Wakacheka. Carlie akaweka ya nne. Chini ya swali hilo palikuwa na swali jingine: ghorofa uliyochagua ikijaa, upangiwe popote au usubiri? Akamsomea mama yake kwa sauti. Rhonda hakugeuka kutoka kwenye ubao wa kukatia.

"Subiri. Ghorofa ya nne haijai. Watoto wanakwepa ngazi, na ile lifti hufa kila Oktoba."

Alikuwa anasema kweli. Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, ghorofa ya nne ilikuwa ya mwisho kujaa. Asichokijua ni kwamba mwaka huu nusu ya ghorofa hiyo ilikuwa imetengewa wanafunzi wa mwaka wa pili. Wala hakujua, kwa sababu hajawahi kuomba bweni maishani mwake, kwamba kundi hufungwa na mwenzao mwenye sharti kali kuliko wote. Watatu walisema popote, mmoja akasema ya nne tu. Kwa hiyo kundi zima lilikuwa limesema ya nne tu.

"Mimi nilidhani kila mtoto anajibiwa lake," anasema. "Kama hospitali. Huyu hapendi karanga, yule hapendi maziwa. Sikujua wanakufunga wote kwa kamba moja."

Anapofika chumba cha mwisho upande huo, anakaa kidogo ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo msimamizi hapendi. Anafungua chupa ya kahawa. Mikono yake ina harufu ya limau bandia ambayo, anasema, haitoki hata Krismasi.

Majibu yalitoka Juni, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Rhonda alikuwa ghorofa ya kwanza anang'oa nta ya zamani sakafuni, mashine inaunguruma, na simu iko mfukoni. Carlie alikuwa amemtumia ujumbe mmoja tu: *Tumewekwa kwenye kusubiri. Wote.* Rhonda alipousoma, mwingine tayari ulikuwa umeshaingia.

Ofisi ya malazi ilikuwa imempigia kiongozi wa kundi na kumpa njia. Kulikuwa na chumba, 214, ghorofa ya pili. Wangeweza kukichukua kama wangemwondoa mwenzao mwenye sharti na kuleta mtu mwingine ambaye hana. Walipewa hadi adhuhuri kuamua.

Hawakufika adhuhuri. Carlie bado ana ujumbe wa Sloane kwenye simu, na anauonyesha: *Carlie jamani samahani sanaaa. Mama yangu anasema tusipochukua tutakosa wote. Siyo wewe, ni yale majibu yako. Bado tutakula pamoja kila siku!!* Mwisho kuna mioyo mitatu ya zambarau.

"Sloane hana kosa," Carlie anasema. "Ningekuwa mimi, labda ningefanya hivyohivyo. Sijui. Nisingeweka mioyo."

Carlie anauza aisikrimu kwenye kibanda cha barabarani karibu na daraja. Ana nywele nyekundu za baba yake na namna ya kujibu swali kama anayeweka kitu mezani na kuondoa mkono. Foleni ya magari inapopungua, anatoka nyuma ya kibanda na kuketi juu ya kreti.

Je, ana hasira na mama yake?

"Watu wote wanauliza hivyo." Anafuta mikono kwenye aproni. "Mama aliniambia ukweli kuhusu ule ukuta. Kila alichosema ni kweli. Sasa ukasirike na nini?"

Gari linapita, mtu anapiga honi, naye anapunga mkono bila kuangalia.

"Ningelala hata stoo," anasema. "Angeniuliza ningemwambia. Hata stoo ya mifagio, ninaijua, iko safi."

Siku ileile ya majibu, Rhonda alizima mashine, akavua glavu, akaenda ofisi ya malazi na sare yake. Aliyekuwa mezani ni Bi. Ashworth, mwanamke mpole ambaye humsalimia kila asubuhi na ambaye mwaka juzi alimletea sahani ya keki Lonnie alipofanyiwa upasuaji.

"Toa ile alama," Rhonda alimwambia. "Ya ghorofa ya nne. Nimeiweka mimi."

"Naweza kuitoa, Rhonda."

"Itoe basi."

"Nikiitoa leo anahesabika kama ameomba leo. Anaanzia mwisho wa foleni."

"Na nisipoitoa?"

"Anasubiri ghorofa ya nne tu. Na ghorofa ya nne imejaa."

Rhonda anakumbuka kwamba alitazama dirisha la ofisi hiyo na kuona limeoshwa vibaya, kwa mviringo, na mtu mwenye haraka. Akasema itolewe. Carlie akawa wa thelathini na moja kwenye orodha.

"Kama ingekuwa mikononi mwangu," Bi. Ashworth akasema.

"Najua, mama. Najua ungefanya."

Kisha Bi. Ashworth akamkumbusha jambo jingine, kwa sauti ya chini, kana kwamba anamtajia ugonjwa. Mfanyakazi hasafishi jengo analoishi mtu wa familia yake. Kanuni ni ya zamani na inahusu funguo, kwa kuwa msafishaji hubeba za vyumba vyote. Siku Carlie akipata kitanda, Rhonda ataondoka Whitacre.

"Nipelekeni popote," Rhonda alijibu. Alijaza ombi la kuhamishwa siku hiyohiyo, kabla ya kuwa na sababu ya kuhama.

Dwight, mwenye miaka sitini na sharubu za rangi ya majivu, ndiye aliyemweleza popote ni wapi. Nafasi iliyo wazi ni bweni la wacheza mieleka.

"Kule huingii chooni bila kusali," anasema Dwight, aliyewahi kukaa huko miaka mitatu. Amekuja kuazima ndoo na hana haraka. "Wale watoto wanatema mate kwenye chupa wapunguze uzito. Chupa wanaziacha. Nikamwambia bosi, mimi nimeajiriwa kusafisha, sikuajiriwa kushuhudia."

"Nimemlea Lonnie," Rhonda anasema. "Nitaweza."

"Lonnie ni mmoja. Kule wako arobaini."

"Nenda na ndoo yako, mzee."

Dwight anacheka na kuondoka. Akishafika mbali, Rhonda anasema kwamba tangu Juni Dwight amekuwa akiosha ghorofa yote ya pili peke yake, akidai kwamba goti lake halipendi ngazi. Goti lake halina tatizo. Alitaka tu Rhonda asipite mlangoni pa 214.

Lakini wiki iliyopita Dwight alikuwa likizo, na 214 ilikuwa haijaguswa. Rhonda akaingia. Ukuta ulikuwa umeanza tena, doa la kijani na jeusi chini ya dirisha, kubwa kama sinia. Alichanganya dawa, akavaa barakoa, akasugua. Akaacha pakauke, akasugua tena. Dwight aliporudi na kuona kazi ilivyofanywa, alimkuta stoo.

"Umewasafishia wale waliomtoa mwanao?"

"Nikiuacha nitaambiwa niusafishe Septemba, na vitu vyao vikiwa mle ndani."

"Ungeuacha tu, Rhonda. Hata mimi ningejifanya sijauona."

"Nilifikiria kuuacha," Rhonda anasema sasa. Hacheki. "Nilisimama pale na ile brashi nikafikiria vizuri kabisa. Sitaki uniandike kama mtu mwema."

Jumanne hii saa tatu asubuhi wanakuja wasimamizi wanafunzi, wale wanaolala bwenini na kuwatazama wenzao. Wamebeba masanduku ya karatasi za rangi. Kila mwaka hukata maumbo, huandika majina ya wapangaji na kuyabandika milangoni, ili mtoto anapofika na wazazi wake akute ameshatarajiwa. Mwaka huu wamekata umbo la bundi.

Rhonda yuko ghorofa ya pili anakwangua gundi ya mwaka jana kwa wembe. Msichana mmoja mwenye fulana ya kijani anashuka korido na bundi wake, anabandika, anahama. Anafika 214. Mkanda wa gundi unamgandia kwenye vidole.

"Samahani, mama, unaweza kunishikia hawa kidogo?"

Rhonda anaweka wembe kwenye toroli, anajifuta mikono kwenye suruali, anapokea. Bundi wanne. Sloane. Tatum. Whitney. Wa nne ameandikwa Marguerite, kwa herufi za mviringo, na nyota juu ya *i*. Msichana anawachukua mmoja mmoja mkononi mwa Rhonda na kuwabandika mlangoni.

"Wanapendeza?"

"Huyo wa pili amekaa upande."

Msichana anarudi nyuma, anaangalia, anamnyoosha Tatum. "Asante sana. Una jicho kali."

Anaenda zake akiimba kwa pua. Rhonda anachukua wembe na kuendelea na mlango wa 216. Gundi inatoka kwa vipande vyembamba vinavyojikunja, vinaanguka juu ya viatu vyake.

"Marguerite," anasema hatimaye. "Sijui anatoka wapi. Natumaini hana pumu."

Kufikia wiki hii, Carlie amesogea hadi nafasi ya tisa. Wengine mbele yake wamekwenda vyuo vingine, au wazazi wao wamewapangia nyumba mjini na kuachana na ufadhili. Tisa inasikika kama karibu. Bi. Ashworth amemwambia Rhonda asihesabu hivyo, kwa sababu watu kumi wanaobaki mwisho huwa hawaondoki. Ni wale ambao nao hawana pa kwenda.

Mwaliko wa siku ya kuhamia umefika nyumbani hata hivyo, kwa kuwa kompyuta inayotuma mialiko haijui kusubiri. Lonnie ameubandika kwenye friji. Carlie ameubandua. Lonnie ameurudisha.

Kuna jambo ambalo Carlie amelisema mara moja tu, wakila, kama anayeomba apitishiwe chumvi: asipopata kitanda, ataahirisha mwaka mmoja. Mwenye kibanda cha aisikrimu ana ndugu mwenye ghala la vipuri, na ghala linaajiri. Mwaka mmoja tu, kisha ataomba tena.

Rhonda aliinuka mezani akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Yeye mwenyewe alichukuliwa na chuo cha uuguzi alipokuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake alivunjika nyonga majira yale ya joto, naye Rhonda akaahirisha mwaka mmoja. Hana uchungu nao, anasema, alikuja kumpata Lonnie, akampata Carlie, ana kazi yenye bima. Anachojua ni jinsi mwaka huo unavyoanza. Unaanza na mtu anayesema *tu*.

"Lonnie anasema nimpe moyo. Nimpe moyo vipi? Nikimwambia utapata, nitakuwa namwambia tena kitu ninachodhani nakijua."

Nyumbani wanaongea, lakini si kama zamani. Carlie alikuwa na tabia ya kumsomea mama yake vitu kutoka kwenye simu, habari, vituko, maswali ya kijinga. Siku hizi anasoma kimya. Wiki mbili zilizopita alikuwa anajaza fomu ya kuomba zamu za ziada kibandani, akafika mahali akasita. Rhonda alikuwa anapita nyuma yake na kikapu cha nguo. Carlie akaiinamisha simu kidogo, kiasi cha kiganja, mama asione.

"Hakuwa anaficha," Rhonda anasema. "Alitaka tu kuijibu mwenyewe. Ana haki."

Zamu inaisha saa nane na nusu mchana. Rhonda anamwaga maji machafu, anakamua mopu, anapanga dawa kwenye rafu zikitazama mbele. Korido inanuka nta mpya. Kwenye kila mlango wa ghorofa nzima kuna bundi wanne wenye macho makubwa, na hakuna mtu.

Akiulizwa ana mpango gani, haongelei maombi wala rufaa. Ameshaandika rufaa, na imejibiwa kwa heshima. Mpango wake ni wa kazini.

Kila Agosti, anaeleza, kuna mtoto ambaye hafiki. Ofisi huchelewa kujua, kwa sababu mtoto hatoi taarifa, au mzazi anapiga simu mahali pasipo penyewe, au kila mtu anadhani atakuja kesho. Jina liko kwenye kompyuta, jina liko mlangoni, wenzake watatu wameshatundika taa za mapambo na kuanza kuweka viatu vyao kitandani kwake. Hufikia wiki ya tatu ndipo ofisi inapouliza. Wiki ya tatu ni baada ya ile Ijumaa.

Msafishaji anaingia kila chumba Jumatatu ya kwanza kukagua vigundua moshi na bafu. Ni sehemu ya kazi. Hakuna anayemzuia kutazama vitanda.

"Bi. Ashworth ameniahidi kitu kimoja. Nikimletea namba ya chumba, ataipigia simu familia ile siku hiyohiyo. Hatasubiri. Kama hawaji, orodha inasogea. Kama wanane walio mbele ya Carlie wamekwisha kukata tamaa..." Hamalizi hesabu. "Nafasi si ya wangu peke yake, najua. Nitampelekea kila kitanda kitupu nitakachokiona. Nikiona tisa, nitampelekea tisa."

Na kama atakachokiona ni kimoja?

"Kitakwenda kwa wa kwanza. Naye ana mama."

Anazima taa za korido, moja baada ya nyingine, akirudi nyuma kuelekea ngazi.

"Unajua ninachoomba siku hizi? Ninaomba mtoto wa mtu asije. Asiwe mgonjwa, sisemi hivyo. Asiwe amepata ajali. Abadilishe mawazo tu. Apende mvulana, aende California, vyovyote. Ninapiga magoti na kuomba hivyo, kisha ninaona aibu, kisha ninaomba tena."

Anafunga mlango wa ngazi, anaujaribu kwa bega kuhakikisha umeshika.

"Kwa hiyo Jumatatu ile nitaanzia juu nishuke," anasema. "Ninatafuta godoro ambalo halijatandikwa."